Kamba za Hajra

Jumapili, 16 Machi 2025. Mlingotini
Haukufa! Joto lote hili, maji utadhani ya kumwogeshea mtoto, na mwani wa mbegu yangu mpya umenona kwenye kamba zake, haukatiki! Nimepiga kelele hadi Mama Mwanamkasi, mwenye shamba, akadhani nimeumwa na kitu. Miaka mitatu ya uzamivu! Profesa Herman huniambia data kwanza, furaha baadaye. Haya, data hiyo!

Jumatatu, 17 Machi
Balaa. Nimepima kwa wale waliobaki na mbegu ya zamani, wa kulinganishia. Wao mwani ulitakiwa uwe mweupe, unakatika. Nao umenona! Bado sijapima kwa Hajra tu, naye ni wa mbegu ya zamani. Labda mbegu yangu si lolote. Mihogo nimeila bila kusikia ladha.

Jumanne, 18 Machi
Nimejua! Chausiku, mmoja wa wale wa mbegu ya zamani, kasema huku anacheka: Mwanamkasi aligawa mbegu mpya tangu Januari. Nimemkimbilia Mwanamkasi, hata shikamoo sikuimaliza. Si tulikubaliana kila mtu na mbegu yake? Kanishangaa. Mwanangu, jirani anaharibikiwa, wewe unayo, unamnyima? Mbegu hainyimwi!
Semina nzima ile ya kuwaeleza hilo, na chai na sambusa. Nilitaka kulia, nikaishia kucheka.
Umewapa wote? Uso ukambadilika. Wote, isipokuwa yule. Yule ni Hajra. Hawasemezani tangu Hajra atangaze harusini, mbele za watu, kwamba pilau la Mwanamkasi limeungua.

Jumatano, 19 Machi
Mweupe! Unakatika! Kamba zote za Hajra! Nimerukaruka majini kama kichaa — kisha nikamwona mwenyewe kasimama, anatazama vipande vinavyoelea. Nikaacha kuruka. Aibu ilinishika, kidogo. Furaha ikarudi, nasema kweli.
Profesa kwenye simu: kamba za Hajra peke yake zinatosha kulinganishia, kwa tabu. Zisiguswe mpaka vipimo vya mwisho, maji yakipwa sana kwenye bamvua ya katikati ya Aprili. Zikiguswa, uzamivu hakuna, na mkataba wa mradi unaisha Juni.
Kwa hiyo shahada yangu imeshikiliwa na pilau lililoungua! Jamani!

Jumatano, 26 Machi
Idi inakaribia. Wanawake wanasema haifai kumaliza mfungo na kinyongo. Chausiku kaniomba niwapatanishe, maana mimi ni mgeni wa wote. Nikajibu mambo haya hayataki haraka. Mimi! Asteria, binti wa katekista wa Miono, na Kwaresima hii!

Ijumaa, 28 Machi
Nimekutana na Hajra dukani. Kaniuliza taratibu: mwalimu, mbona umeharibika wangu peke yangu? Nimekosa nini?
Nikamwambia tunachunguza. Tunachunguza! Ulimi huu!
Nimwambie nini? Uache mwani wako uoze, mama, mimi nipate joho?

Jumamosi, 29 Machi
Wamenikubali! Profesa kanitumia ujumbe sasa hivi — mkutano wa Mombasa, mwezi wa saba, nitazungumza mimi mwenyewe, mbele ya watu wa mwani wa dunia nzima! Nimecheza humu chumbani mpaka kiti kikaanguka. Nimempigia mama, kapiga vigelegele hadi simu ikakoroma.

Hodi. Naandika mbiombio. Ni Mwanamkasi, yuko mlangoni, beseni la mbegu kichwani, kalifunika kanga, maji yanamchuruzika shingoni. Anasema mwezi usiandame yeye bado ana kinyongo na jirani. Twende wote kwa Hajra, wewe msomi ndiwe uanze maneno. Kesho maji yakipwa ang'oe ule uozo wake, apande hii.
Anacheka. Sijawahi kumwona na furaha hivi.
Nimemwambia anisubiri, navaa viatu.
Viatu nimevaa tangu asubuhi.