Majani Magonjwa ya Mama Kulwa

Shikamoo dada Neema,

Nipo kijijini Didia, matope hadi magotini. Leo nusura nifukuzwe shambani. Nilikuwa nachuma majani ya mpunga yaliyoshambuliwa na ukungu, nayatia kwenye vichupa, mwenye shamba, Mama Kulwa, akatokea na jembe begani.

"Binti, sema ukweli. Umeona dhahabu?"

Majirani wakaanza kusogea. Nikaeleza kwamba jani likivamiwa na ukungu hujitengenezea dawa, nasi watafiti tunataka kujua imeundwaje ili tuitengeneze maabarani. Nikamchorea kwenye tope: pete tatu za kaboni zilizoshikana, na ya nne ndogo ubavuni yenye oksijeni.

Akaguna. "Mpunga wangu unaijua hiyo bila kwenda shule. Wewe umesoma miaka mingapi?"

"Kumi na tisa, mama."

Walicheka mpaka nikacheka mwenyewe. Akanichagulia majani yaliyougua zaidi, kisha akanilisha wali kwa maziwa ya mgando. Dada, wali ule unanukia! Amesisitiza kesho nimchoree na dawa ya mahindi, na hata sijui nianzie wapi.

Nibusie watoto, na umwambie mama sijakonda.

Mdogo wako akupendaye,
Tumaini