Mjomba wa Pikipiki

Chanika,
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu Tusa,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko Tukuyu, mvua imepungua au bado mnaanika nguo jikoni? Mguu wa mama je, uvimbe umeshuka? Huku tu wazima, jua tu ndilo linalotukaanga. Nianze na lile utakalolitafuta kwanza: Atupele wako ni mzima, hajaumizwa, na sasa hivi yuko uani anasukwa nywele na binti wa jirani. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, na ukishaanza kulia mimi siwezi kuendelea. Kwa hiyo kaa chini usome mpaka mwisho.

Unamkumbuka Lusekelo, yule dereva wa bodaboda niliyekwambia anampeleka Atupele shule na kumrudisha? Mimi natoka asubuhi na mapema kwenda ghalani Gongo la Mboto, na shule iko mbali na nyumba. Siku ya kwanza alinisalimia kwa Kinyakyusa nikalegea kabisa. Miaka sita niko Dar, mtu akikuamkia kwa lugha ya nyumbani unaona kama umeletewa ndizi za mama. Hapo hapo nikamwambia Atupele, "Msalimie mjomba." Nawe nilipokusimulia ulisema kama ni wa kwetu hamna neno. Sikulaumu, dada. Ujomba nilimpa mimi.

Jumanne mchana nikapigiwa simu kazini, nifike ofisi ya serikali ya mtaa. Niliwakuta wanne kwenye benchi moja: Mwalimu Hadija wa darasa la Atupele, afisa ustawi wa jamii wa kata, askari wa kike wa dawati la jinsia na watoto, na mwenyekiti wetu Mzee Salim, yule mwenye duka la pale barabarani. Askari hakunizungusha.

"Huyu mjomba anayempeleka mtoto shule, ni ndugu yako wa tumbo moja?"

"Hapana."

"Mtoto wa mama yako mkubwa? Mama mdogo?"

"Hapana, afande. Ni wa kwetu tu."

"Kwenu wapi?"

"Tukuyu."

"Kijiji gani?"

Nilimkabidhi mwanao kwa mtu ambaye hata kijiji chake sikijui, na mdomo wangu ulikuwa haukauki kumsifia.

Ndipo wakanieleza. Asubuhi ile Atupele alifika shule amechelewa, mara ya tatu ndani ya wiki mbili. Mwalimu Hadija hakumchapa. Alimweka pembeni akamwuliza taratibu, na mtoto akasema mjomba humpitisha kwake kwanza, humpa biskuti mlangoni na kumwambia iwe siri yao, na safari hii amemwambia kesho ataingia ndani aone televisheni. Mwalimu akampigia afisa ustawi palepale. Afisa akaenda kwa Mzee Salim, ambaye alikuwa ameshaiona ile pikipiki ikikata kona kuelekea kwenye mapagala, akadhani dereva anakwepa mashimo. Mzee akaulizia kijiweni, akaambiwa yule bwana alihamia huku kutoka Tandale, na aliondoka huko ghafla. Askari akapiga simu Tandale. Kulikuwa na lalamiko la mama mwingine, biskuti zilezile, siri ileile, ila hakuna aliyejua mtu kaelekea wapi. Walimkamata getini mwa shule alipokuja kumchukua mtoto mchana.

Nikapandwa na hasira, unanijua. Nikasema, "Na mie mlezi wake ndo najua wa mwisho?"

Afisa ustawi, binti mdogo tu, mpole, akaniuliza, "Tungekwambia asubuhi ungefanya nini?"

"Ningempigia nimuulize."

"Basi. Angeshawasha pikipiki zamani."

Na ni kweli. Kisha akaniambia wameshampeleka mtoto kituo cha afya, amepimwa, hakuguswa. Dada, nilikaa chini sakafuni pale ofisini, na sare yangu ya kazi, nikalia kama niliyefiwa, na kumbe nafurahi. Mzee Salim akawa ananipepea kwa daftari lake na kusema, "Mwacheni, mwacheni atoe."

Atupele walikuwa wamemkalisha dukani kwa Mzee, na soda mkononi hajaifungua. Aliogopa nitamchapa kwa ajili ya biskuti. Nikamkumbatia, nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Si ulisema ni mjomba." Maswali yote ya askari hayakuniuma kama hilo.

Sasa anaenda shule kwa miguu pamoja na Mwalimu Hadija, ambaye kumbe anakaa nyuma ya kanisa letu, na watoto wengine saba wa mtaa huu. Afisa ustawi anakuja Ijumaa kuongea naye, na amesema atakupigia wewe pia, mpokee kwa upole. Yule bwana yuko rumande. Mimi nimeomba niingie kazini saa tatu, wamenikubalia kwa kununa. Ukiamua nimrudishe Tukuyu, nitamleta mwenyewe na sitakasirika. Lakini mwulize na yeye kwanza.

Jana alikuja fundi bomba, mtu mzima, akasikia ninavyotamka akacheka, kumbe naye wa Rungwe. Akanisalimia kwa Kinyakyusa. Moyo ukanilegea tena, sikufichi. Atupele akatoka ndani, akamtazama, akanitazama mimi, akapiga goti vizuri kama ulivyomfundisha.

"Shikamoo, fundi."

Mwambie mama alale na mguu juu ya mto. Shemeji mpe salamu, mweleze haya ukiwa umeshatulia wewe. Mwalimu wa kwaya mwambie sauti yangu bado ipo. Na kaka yetu Ambakisye msalimie kuliko wote, umwambie Atupele anamwulizia kila siku atakuja lini, maana hapa Dar hana mjomba.

Mdogo wako,
Sekela