Yale Mashini Iliambiwa Mbele Nifike

Furaha, mujukuu wangu,

Hapa Katoyi tuko. Mama yako anakusalimia sana, mbuzi amezaa mapacha, na goti langu linanisumbua kama kawaida.

Unauliza kwa nini programu uliyoandika inakutii kwenye ordinateri yako, lakini kwenye ya mwenzako inafuata njia ingine. Nikiwa kijana nilitumika kazi na ordinateri kwa mununuzi mumoja wa kahawa. Kila asubuhi niliita programu ya kuchapa karatasi za hesabu, nikaiambia jina la faili, basi. Siku moja karatasi hazikutoka kwangu, zikatokea katika biro ya patron, ofisini kwa yule mununuzi mwenyewe. Nikamushuku Muhindo, mwenzangu wa kazi, kwamba anazibeba kule ili makosa yangu yaonekane. Nikaacha kunywa naye chai.

Kisha nikaiomba mashini inionyeshe yote iliyoambiwa mbele nifike, kabla sijaita programu. Kumbe patron mwenyewe alikuwa ameiachia neno: karatasi zote ziende kwake. Mimi sikuwa nimetaja mahali, kwa hiyo programu ilishika lile iliyolikuta mule ndani.

Tangu siku ile, neno lenye mutu ananiambia halinitoshi. Ninataka kujua pia ni nini kilikuwa kimemuzunguka. Na wewe, angalia kwanza mashini ya mwenzako imeachiwa nini, kisha utaje kila kitu kwa kinywa chako unapoita programu.

Sasa barua yako. Umeandika "niko salama, Tate" tena na tena, na mimi sikukuuliza. Nani alikuwa amesimama nyuma yako?

Nijibu ukiwa peke yako.

Tate, babu yako