Kikao cha Matairi Yangu

Jumapili jioni, Same.

Leo upepo ni ule unaokulazimisha uanue nguo kabla hazijakauka. Vumbi limeingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Bega la kushoto linauma pale mkanda wa kiti uliponibana jana, na nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nianze kuandika humu. Naandika ili nisirudi kule gereji kugombana.

Kwa anayeingia humu leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa fizikia, na baadhi ya Jumamosi naendesha kigari cha mashindano. Jina lake Dengu. Ni mdogo na mwepesi. Tulimtoa viti vya nyuma, mazulia, redio na kila kitu kisichosaidia kukimbia, mpaka ukimsukuma kwa mkono mmoja anakwenda. Nasema "tulimtoa" kwa sababu Dengu ni wetu wawili, mimi na Anaeli, mtoto wa mjomba wangu, mwenye gereji kando ya barabara kuu. Mimi nashika usukani, yeye anashika spana. Mlangoni tumeandika majina yote mawili. La kwake liko juu, na mimi ndiye niliyetaka liwe juu.

Sasa tuje kwenye matairi.

Watu wengi wanadhani ukitaka kukimbia unaweka tairi pana na gumu. Si kweli, hasa kwa gari jepesi. Gari zito linalikandamiza tairi mpaka mpira unapata moto, unalainika na kuishika ardhi. Dengu hana uzito huo. Ukimvalisha mpira mgumu unabaki baridi vilevile, na kwenye kona anateleza kama sabuni kwenye karai. Yeye anataka tairi jembamba, mpira laini, ukuta unaokunjika kidogo, na upepo usiojazwa sana. Nimewaeleza wanafunzi wangu jambo hili mpaka wamenichoka.

Nilihangaika miezi miwili kuyatafuta matairi ya aina hiyo. Mwisho nikayapata manne kwa dereva mmoja wa Arusha aliyeacha kushindana. Yalikuwa yametumika, lakini mazima. Ukiyabonyeza kwa kucha, alama inabaki. Kipimo hicho cha kucha alinifundisha Anaeli mwenyewe. Siku yalipofika tuliyapanga chini pale gereji, tukayazunguka tukicheka ovyo, na mama yangu, aliyekuwa ameshuka mjini siku hiyo, akalibonyeza moja kwa kidole gumba. Kisha akaenda kukaa kivulini. Mimi nilidhani amechoka na jua.

Wiki mbili zilizopita Anaeli akanipigia simu shuleni kwa sauti ya msiba. Amekuta tairi moja limekatika ukutani kwa ndani, na kuliendesha ni kujiua. Eti kwa usalama wangu ameyarudisha yote manne Arusha. Ila nisiwe na wasiwasi, ameshanitafutia mengine.

Nilipotoka kazini nilipitia pale. Nikayasoma ubavuni: plai nane, yaani tabaka nane za nyuzi. Jamani, hayo ni matairi ya pikapu ya mizigo! Nikamuuliza. Akasema ukuta ndio uliokaza, mpira wa juu ni laini, na amekaa jioni tatu akizichonga kashata, yale mabonge yanayokamata ardhi, kwa kisu cha moto, ili zifae uwanja wa Makanya. Kweli zilikuwa zimechongwa vizuri, mkono wake naujua. Nikabonyeza kucha. Ikaingia. Nikasikia harufu ya mafuta ya taa, akasema alikuwa anayasafisha grisi.

Mimi, mwalimu wa fizikia, nilisoma, nikanusa, nikauliza, nikajibiwa, nikaamini. Hilo halina wa kumlaumu. Ni langu.

Jana tukashuka Makanya. Uwanja wenyewe ni mzunguko tu uliopitishwa greda pale tambarare, ardhi ngumu, na juu yake unga mweupe unaoingia puani. Mzunguko wa kwanza Dengu alishika vizuri. Wa pili nikaona usukani umekuwa mwepesi kupita kawaida. Nikajiambia ni vumbi. Kwenye kona ya tatu nikakata, na Dengu hakukata. Alikwenda moja kwa moja, kimya kabisa, kama mtu aliyeitwa upande ule.

Upande ule walikuwa watu.

Tuta la udongo ndilo lililotusimamisha. Nyuma ya tuta, hatua kama tatu hivi, alikuwa amesimama mama mmoja wa Kimaasai, mwanawe yuko mgongoni. Aliruka nyuma akaanguka kwa ubavu, na mtoto akaanza kulia. Nilitoka ndani ya gari. Nikaenda kumpa pole. Alinitazama, akampangusa mwanawe vumbi kichwani, akaondoka. Hakuna aliyeumia. Nimejirudia hayo maneno leo kutwa: hakuna aliyeumia, hakuna aliyeumia.

Asubuhi hii sikwenda kanisani. Nilipanda milimani Usangi, anakoishi mama, nikitaka alisikie jambo hili mdomoni mwangu kabla majirani hawajamwambia gari zima limeteketea na mimi ndani yake. Kule juu kulikuwa na ukungu na baridi, nilifika kwa bodaboda meno yakigongana. Mama alikuwa bado hajatoka ibadani. Nikasema basi nianze kubandika makande. Nikaingia stoo kuchota maharage.

Gunia lilikuwa limekaa juu zaidi ya kawaida yake. Nikalivuta. Chini yake kulikuwa na kitu cha duara, kimefungwa kwa kitenge kikuukuu.

Yalikuwa matairi yangu, yote manne. Niliyatoa nje kwenye mwanga, nikakaa chini uani, nikayapapasa moja moja kwa ndani na kwa nje, polepole, kama ninavyompapasa mtoto aliyeanguka kutafuta pale palipovunjika. Hakuna palipokatika. Hakuna hata mkwaruzo.

Mama akaingia na kitabu chake cha nyimbo kwapani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba huku macho yako kwenye matairi. Akaweka kitabu chini.

"Tulikaa kikao," akasema.

Sisi Wapare bwana! Kuku akipotea, kikao. Mpaka wa shamba ukisogea hatua moja, vikao sita. Lakini sikujua kama siku moja, mimi mtu mzima wa miaka thelathini na nane, ukoo utakaa kujadili matairi yangu. Mjomba Yoeli, baba yake Anaeli, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Shangazi alikuwepo, wazee wawili walikuwepo, Anaeli alikuwepo. Walifungua kwa sala. Wakakubaliana kwa kauli moja kwamba Namkunda hasikii, hataacha mashindano, basi angalau awekewe matairi magumu, na yale laini yafichwe kwa mama. Na asiambiwe, kwa sababu ana mdomo. Wakafunga kwa sala.

Nilikuwa nimefungua huo mdomo wenyewe ndipo mama akasema, "Baba yako alipanda kitu laini, Namkunda. Sikutaka na wewe upande kitu laini."

Nikaufunga.

Baba alikuwa dereva wa pikapu. Tairi lake la mbele lilikuwa limelika mpaka linabonyea kwa kidole, likapasuka kwenye kona za kuteremkia Mwanga. Nilikuwa darasa la tano. Tangu hapo, kwa mama na kwa kila mtu kule kwetu, tairi ni gumu au ni jeneza. Na kwa njia zile za mawe, zenye mteremko, na gari limejaa ndizi, wako sahihi. Tairi gumu ndilo linalokurudisha nyumbani. Angejuaje kwamba kwenye kigari kitupu, juu ya ardhi kavu ya Makanya, mambo yanageuka? Alibonyeza kwa kidole gumba, akamwona baba. Nikamweleza ya jana. Nilipofika kwa yule mtoto mgongoni, mama akakaa juu ya gunia la maharage, akashika kichwa, na mimi ndiye niliyeishia kumbembeleza.

Mama nimemsamehe palepale. Sikuhitaji hata kujilazimisha.

Lakini Anaeli alijua.

Hilo ndilo linalonikaba. Katika kile kikao chote mlikuwa na fundi mmoja tu. Mmoja! Angenyoosha mkono akasema, wazee, naomba radhi, tairi gumu ndilo litakalomuua. Wangembishia kidogo, Mjomba angekohoa, wakaelewa. Yeye akasema ndiyo baba, ndiyo shangazi. Halafu akarudi gereji kwake, akatuliza akili, akachonga kashata kwa jioni tatu na kuzipaka mafuta ya taa ili ngozi ya juu ilainike, ili kucha yangu iingie. Ngozi hiyo ilitosha mzunguko mmoja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba wakati mwingine kimekaa na wewe miaka mitatu mkiishona hiyo nguo pamoja.

Nilishuka na matairi yangu. Mawili nyuma ya bodaboda niliyopanda, mawili kwenye nyingine, hadi Mwanga, kisha kwenye buti ya basi. Kondakta aliniuliza kama nahamisha gari vipande vipande. Siku nyingine ningecheka.

Anaeli alikuwa uvunguni mwa lori. Alitoka, akaona nilichokuja nacho, wala hakuuliza nimekitoa wapi. Kwa muda alikuwa anatafuta kitambaa cha kufutia mikono ambacho kilikuwa begani kwake.

"Wazee walikuwa wameshakata shauri, dada," akasema. "Ningesema nini?"

"Ungesema unachokijua."

Akaanza kunieleza. Alidhani nitaona Dengu hakimbii, nitashika mkia mara moja, mbili, nitachoka, nitaacha mwenyewe bila ugomvi na mtu. Hakuwaza kama nitatoka nje ya njia. Alipoliona lile tuta jana, anasema, alitaka kuniambia palepale. Hakuniambia.

Na kuna jambo ambalo mpaka hapa nimelikwepa, maana linanichoma kuliko matairi yenyewe. Jana wakati tunarudi kutoka Makanya, Dengu akivutwa nyuma yetu, mimi nilimwomba Anaeli msamaha. Nililia. Nilimwambia amefanya kazi yote ile na mimi nimeiharibu kwa mikono yangu mibovu. Nilimwambia labda nimezeeka, labda niache, nilikaribia kumuua mtoto wa watu. Yeye alikuwa anajua mikono yangu haina kosa. Akanishika bega, hili hili linalouma, akasema, "Nimekusamehe, dada. Ndiyo kujifunza."

Alinisamehe!

Kwa hiyo leo, alipomaliza maelezo yake, nilimwambia sikuja kuchukua maelezo wala sikuja kwa ajili ya matairi, matairi ninayo. "Nirudishie samahani yangu," nikamwambia.

Mwisho akasema "nisamehe" kwa sauti ya chini, akitazama chini, na mimi sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu uongo kwa wiki hii umetosha.

Nikachukua jeki. Nikamnyanyua Dengu upande mmoja, kisha mwingine, nikafungua magurudumu, nikavua yale ya pikapu kwenye rimu, nikavalisha yale laini, nikayajaza upepo. Alikuja na spana kunisaidia, kwa mazoea tu. Niliipokea mkononi mwake, nikamwomba asogee, asimame pale ninapoweza kumwona. Akasogea. Uso alioufanya sitausahau, na sikufurahi kuuona, ingawa njia nzima kutoka Usangi nilidhani nitafurahi.

Dengu nimemwendesha taratibu mpaka nyumbani. Yuko hapa nje, nimemfunika turubai. Baada ya wiki mbili ni raundi ya mwisho na jina langu bado liko kwenye orodha. Sitaacha. Mjomba akitaka, aitishe kikao kingine, na safari hii nitahudhuria.

Boliti zote kumi na sita nimezikaza mwenyewe. Nimezipitia, nikazirudia, nikazirudia tena. Sijawahi kukaza boliti za Dengu hata siku moja, na sina hakika kama nimekaza inavyotakiwa.

Namjua mtu mmoja tu ambaye angetazama mara moja akaniambia.