Msomaji wa Mbalamwezi

Kahororo, Bukoba
24 Julai 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Waitu, habari za kisiwani? Mguu unaendeleaje? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na mama huko Ijuganyondo hajambo. Anakusalimu na anauliza lini utakuja kula ndizi ambazo hazinuki samaki. Ni maneno yake hayo, mimi mjumbe tu.

Kwanza kabisa, ukinipigia usinipate, usishtuke. Simu yangu imetumbukia kwenye ndoo nikiosha vyombo huku nasikiliza muziki. Iko kwa fundi, na fundi mwenyewe haonekani. Basi turudi kwenye barua kama enzi zile nilipokuwa bweni, ulipokuwa unaniandikia kurasa nne, tatu za kunigombeza. Kusema kweli barua nazipenda. Kwenye simu unaniuliza nimekula nini, kabla sijajibu salio limekwisha.

Kazi ipo. Yule mteja mwenye nyumba ya wageni bado anataka tovuti yake iwe na picha ya twiga ukurasa wa mbele. Nimemwambia, mzee wangu, Bukoba tuna ziwa, tuna migomba, tuna kahawa, twiga atatoka wapi? Anasema wageni wanapenda twiga. Tunabishana kwa adabu tangu mwezi uliopita.

Sijui kama nimewahi kukuambia kwamba pembeni ya kazi za wateja nina ukurasa wangu mwenyewe mtandaoni. Humo naandika ninayoyawaza. Habari za twiga nimeziandika. Niliandika pia kwamba mtu akiwa kazini asisikilize wimbo wenye maneno, maana maneno yanamwingilia kazi. Mimi nafanya kazi na tarumbeta za usharika wetu nilizozirekodi Pasaka, pamoja na yule wa besi anayechelewa kila ubeti. Na niliandika kwamba redio ikianza matangazo ya vifo, hakuna Mhaya anayethubutu kuizima katikati, hata kama ugali unaungua.

Sasa naufunga. Mwisho wa mwezi huu muda wa jina la ukurasa unakwisha, na siuongezi. Mashine huwa inanionyesha ni wangapi wanaoingia kusoma, na miaka miwili yote hii namwona msomaji mmoja. Mmoja, shangazi! Hata huyo simwelewi. Anakuja siku kadhaa mfululizo, anasoma kila kitu, halafu anapotea wiki mbili, tatu, kama amekufa. Binadamu hasomi hivyo. Nadhani ni roboti, maana zipo roboti zinazozunguka mtandaoni zikikagua kurasa za watu kama bwana afya. Nimechoka kuongea na roboti. Na inaniuma kidogo, nisikufiche. Nilidhani nina la kusema.

Barua hii nampa Magesa wa boti, nimemkuta sokoni akitafuta vipuri vya injini. Kaniapia utaipata kesho.

Mwanao,
Johnson


Bumbire, Muleba
8 Agosti 2025

Johnson mwanangu,

Ningeanza na marahaba, lakini shikamoo yako sijaisikia siku nyingi, na leo ndiyo kitu ninachokitafuta.

Kama uko hai, barua hii unaisoma mwenyewe, na usinicheke. Kama ni lile jingine, Mungu apishie mbali, basi mvuvi wetu Sospeter anayeileta atairudisha ilivyo, nami nitajua.

Jana jioni tulikaa mwaloni, pale boti zinapotia nanga, kama kawaida yetu. Mimi na mkeka wangu, Sospeter na ndoo yake ya kukalia, na wavuvi wa kambi ya juu nao wameshuka. Limi, yule binti anayeuza dagaa pamoja nami, akapanda kwenye lile jiwe linaloshika mtandao, afungue simu yake atusomee ukurasa wako. Akabonyeza, akabonyeza tena. Tukamwambia, soma basi. Akasema, "Hayupo." Hayupo vipi? "Ukurasa haupo. Wanasema haupatikani." Nikachukua simu yangu nikakupigia. Yule dada wa kwenye simu naye akasema hupatikani.

Kimoja kisipopatikana tunasema ni mtandao. Vikikosekana viwili, hapo ni mtu. Nikampigia mama yako, inaita tu, haipokelewi, na unajua mtu wa kwetu asiyepokea simu ama yuko shambani ama yuko msibani.

Sospeter akainuka kwenye ndoo yake. Akasema, "Huyu kijana hajawahi kutukosa hata mbalamwezi moja. Redio inatukosa, yeye hatukosi. Twendeni tukamwone." Wakachanga dagaa pale pale mpaka gunia likajaa. Limi anakuja naye. Mguu wangu haunipandishi boti, la sivyo mimi ndiye ningekuwa mbele.

Ulipokuwa bweni nilikuwa nakugombeza. Leo sikugombezi. Nijibu tu, hata neno moja.

Shangazi yako,
Benadetha


Kahororo, Bukoba
11 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole, na pole tena. Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa mbavu zinauma kwa kucheka. Na macho pia, nitakueleza. Marehemu ni simu peke yake, fundi amethibitisha. Mama naye hajambo. Alikuwa shambani, simu kaiacha juu ya kabati.

Jana nilitoka ibadani nikaketi na kazi ya mteja, hedifoni masikioni, tarumbeta zimepamba moto. Kumbe nje msiba wangu umeshaanza. Sospeter kaingia uani na gunia begani, Limi nyuma yake kajifunga kanga kiunoni, wakamkuta Mama Georgina mwenye nyumba anachambua maharage. Sospeter akavua kofia akasema, "Mama, tumekuja kwa ajili ya Johnson. Poleni sana." Mama Georgina hakuuliza hata neno. Akaangua kilio. Shangazi, asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimemwomba chumvi! Nilipomuuliza baadaye akanijibu, "Mtu katoka kisiwani na gunia zima anakupa pole. Wewe nani umbishie?" Majirani wakajaa. Viti vikatolewa. Kuna aliyeshaanza kukoka moto.

Mimi sikusikia kitu. Nilitoka kwa haja zangu, nikakuta ua umejaa watu wameinamisha vichwa. Nikavua hedifoni kwa heshima, nikamsogelea mpita njia mmoja nisiyemjua, nikampa mkono.

"Poleni, mzee wangu. Nani amefariki?"

"Johnson," akasema, "yule mtengeneza tovuti."

Nikasema, "Lini?"

Mama Georgina ndiye aliyenitazama kwanza. Alipiga ukelele akakimbia mpaka barabarani, ungo mkononi, maharage yakimwagika njia nzima. Limi akajificha nyuma ya gunia. Sospeter hakukimbia. Alinikagua kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala, kisha akasema, "Kama kweli ni wewe, tuambie. Yule twiga aliwekwa?"

Hapo ndipo macho yaliponishinda. Mtu wa Bumbire ambaye sijawahi kumtia machoni ananiuliza habari za twiga wangu. Nililia mbele ya waombolezaji wangu mwenyewe, na wao wakalia tena, safari hii kwa furaha, na chakula cha msiba tukakila chote. Niliwakaribisha kwa kahawa ya kutafuna kama ulivyonifundisha. Sospeter alinibishia habari za muziki mpaka jioni. Anasema wavu hauvutwi kwa tarumbeta, unavutwa kwa maneno, kwa sababu neno ndilo linaloiambia mikono yote ivute kwa pamoja. Nadhani ana hoja. Sikumwambia. Twiga nilimwambia habari zake atazisikia kutoka kwa Limi, jiweni.

Na hapo ndipo nilipojitia kitanzi. Ukurasa nimeufungua tena, jina lake halikuwa limechukuliwa na mtu. Lakini tangu jana nimekaa mbele ya kompyuta, neno haliji. Nilipodhani naandikia roboti sikuwa na woga. Sasa nikianza sentensi nauona mkeka wako na ile ndoo ya Sospeter, naifuta. Naogopa nitawachosha, shangazi. Naogopa mtagundua kwamba sikuwa na la kusema kweli.

Kwani barua yangu ya Julai hukuipata? Na kama mnanipenda hivi, mbona mnanipotea wiki nzima nzima? Na wewe mbona hukuniambia?

Barua hii inakuja na Sospeter. Yeye hata akisahau, Limi hasahau.

Mwanao aliyefufuka,
Johnson


Bumbire, Muleba
30 Agosti 2025

Johnson mwanangu,

Marahaba. Marahaba mara nyingi! Kasinge waitu, maana mtu akirudi kutoka kaburini ni lazima apongezwe. Mguu umepungua uvimbe, naweza kuteremka mwaloni bila fimbo. Mama yako nimempata kwenye simu, kanicheka mpaka akakohoa.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya giza, na giza ndilo jibu la swali lako. Dagaa wanafuata taa. Mwezi usipoonekana, taa zetu zinawavuta, na hapo hakuna anayekaa. Wanaume wako ziwani, sisi asubuhi tunaanika, mchana tunageuza, kila mtu anasinzia kwa zamu. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa wanatawanyika, taa haina kazi, boti zinapandishwa mchangani. Hapo ndipo tunakuwa watu tena. Tunanyoana, tunafua, tunagombana, tunakusoma. Hatukupotei, mwanangu. Tunakuwa kazini.

Na msomaji wako mmoja ni simu ya Limi. Aliukuta ukurasa kwa jina lako, na tangu hapo simu hiyo ndiyo tunayoitumia sote. Mashine yako inahesabu simu, haihesabu masikio.

Kwa nini sikukuambia? Kwanza nilidhani unajua. Halafu, nikuambie ukweli wa Mungu, nilipenda kukusikiliza ukiwa hujui kama nipo. Mtu akijua shangazi anasikiliza, anaanza kuandika kama anahubiri. Mimi nilitaka nikusikie unavyocheka peke yako.

Barua yako ya Julai imepatikana. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti la mvua la Magesa, na mvua haikunyesha. Imenyesha wiki iliyopita. Limi aliisoma mbele ya watu wote waliokuwa wanaanua dagaa, Magesa tumemkalisha katikati asikwepe. Alipofika pale unaposema sisi ni roboti, vijana wakaanza kutembea miguu mikavu kama mashine, na mpaka leo wanaitana hivyo. Sospeter hakuishia hapo. Boti yake iliyokuwa haina jina sasa inalo, kwa rangi nyekundu, ubavu mzima: ROBOTI. Siku hizi ikitia nanga, utasikia watoto wanaimba jina lake.

Lakini Limi alipofika pale uliposema ulidhani una la kusema, hakuna aliyecheka. Walinigeukia mimi, kana kwamba ni mimi niliyekuumiza. Sospeter akasema, "Mama, mwandikie. Mwambie sisi tumebishana miaka miwili kwa maneno yake. Mtu asiye na la kusema habishiwi."

Kuhusu huo woga wako, mimi nina moja tu. Dagaa wangu wanapakiwa Muleba wanakwenda miji nisiyoijua, kwa watu ambao hawatajua jina langu. Na bado nikiwaanika nawatoa mchanga. Ningejua nani atakula, mikono ingetetemeka. Wewe sasa umejua. Tetemeka kidogo, halafu toa mchanga.

Twiga tunamsubiri. Wengine wanasema aliwekwa, wengine wanasema mzee alikubali ndizi, na Magesa, tangu ile aibu yake, kazi yake ni kupatanisha pande mbili. Yule wa besi naye tunataka kumsikia anavyochelewa, uweke sauti yake tuisikilize. Jiwe la Limi limefagiwa. Mkeka nimeufua, umekauka.

Leo jioni nimetoka nje nikautazama, umefika nusu. Andika, mwanangu. Mwezi unakua.

Shangazi yako,
Benadetha, roboti