Idi Ameongea, Nami Sikuelewa

Jumapili. Upepo wa Dodoma umeamka kabla yangu, na vumbi limeingia hadi kwenye vyombo nilivyofunika. Baridi inauma masikio. Nimefua mashuka ya Idi, nimeyaanika, sasa nimekaa barazani na simu yangu.

Nina hamu na mume wangu.

Yupo hai. Yupo wodini, anakunywa uji, ananitazama. Leo hata ameongea, na ndiyo sababu naandika.

Kwa usiyemjua, Idi ni fundi wa plasta kwenye majumba yanayojengwa kule Msalato. Ni mtu wa maneno mengi. Akirudi jioni husimulia siku nzima huku ananawa miguu: tajiri aliyebadilisha rangi ya ukuta mara tatu, mbuzi aliyepanda kwenye jukwaa lao. Mimi nakatakata mboga, nacheka. Kwetu redio ilikaa imezimwa.

Mwezi uliopita alishikwa na mafua mazito. Paji la uso likamuuma, tukasema ni vumbi la saruji. Ikaja homa. Kwenye zahanati wakampima malaria, haikuonekana, wakampa dawa za maumivu. Alipata nafuu kidogo, halafu kichwa kikarudi kumuuma vibaya kuliko mwanzo, akawa anatapika.

Asubuhi moja nikampa kikombe cha chai. Kikamponyoka mkono wa kulia. Akakitazama pale sakafuni kama hajui ni kitu gani. Nikamwita, akanijibu maneno yasiyo na kichwa wala miguu, kisha mwili ukakakamaa, akaanguka, akawa anatetemeka.

Hospitali walituliza ile degedege kwanza. Daktari wa zamu alifikiria kumchoma sindano ya mgongo ili apime maji ya uti. Daktari wa upasuaji, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akasema, "Hapana. Upande mmoja umelegea. Mgongo tusiuguse kabla hatujaona kichwani kuna nini." Wakamchoma dawa ya kung'arisha picha, wakamwingiza kwenye mashine.

Baadaye daktari yule aliniita nione picha. Ubavuni mwa ubongo palikuwa na kitu chembamba kimejikunja kama mwezi mchanga.

"Huu ni usaha, Mama Salma. Umeanzia kwenye matundu ya hewa nyuma ya paji la uso, ukapenya, ukatanda chini ya utando mgumu unaofunika ubongo. Unaukandamiza."

"Si atachomwa sindano tu, zimtoshe?"

"Sindano atachomwa, tena kwa wiki nyingi. Lakini peke yake hazitoshi. Lazima tufungue tuutoe, na tufungue leo."

Nikaweka sahihi. Sikumbuki hata kalamu ilikuwa ya nani.

Walifungua mfupa, wakasafisha usaha wote waliouona, wakasafisha na yale matundu ya usoni ulikotokea. Kiasi kidogo wakakipeleka maabara, wajue ni dawa gani inayoua wadudu wale. Tangu hapo ni dripu, sindano na vidonge vya kuzuia degedege. Homa ikashuka. Mkono ukaanza kushika kijiko.

Mdomo tu ndio ulibaki kimya.

"Usaha ulilalia upande wa kushoto, ambako maneno hutengenezwa," daktari aliniambia. "Anakuelewa. Kutoa neno ndiko kugumu. Muda wote mzungumzishe."

Nimemzungumzisha. Nimemweleza bei ya mchicha, jino la Salma lililong'oka, bomba lililokatika mtaani. Alikuwa ananisikiliza, machozi yakimlengalenga, na mimi najikaza mpaka nifike kwenye ngazi za kutokea, ndipo nilie.

Leo saa ya kutazama wagonjwa nimemkuta mama mkwe amenitangulia. Amekuja kutoka Chemba, yeye ni Msandawe. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba bila kugeuka, maana alikuwa ameinama kwa mwanawe.

Na Idi alikuwa anaongea.

Kisandawe. Kile cha utotoni mwake, chenye sauti zinazopasuka ulimini. Polepole, neno moja, anapumzika, jingine. Mama anamjibu, anamfuta mate kwa kanga, anacheka na kulia kwa pamoja. Nikasimama miguuni pa kitanda na kopo langu la uji.

Niseme ukweli. Nilimshukuru Mungu, na papo hapo nikaona wivu. Miaka yote ya ndoa sikujifunza lugha ile, kwa sababu yeye aliniongelesha Kiswahili. Sasa sauti yake imerudi, na mimi nimebaki nje ya mlango.

Idi akaniona. Akasema kitu, akinitazama mimi.

"Amesemaje, mama?"

Mama mkwe akavuta pumzi. "Anasema umekonda, mwanangu. Anauliza kama unakula."

Nikashindwa kujikaza. "Nakula, Baba Salma," nikamwambia. "Nakula sana." Akatikisa kichwa. Hakuniamini, na alikuwa na haki.

Nikamwomba mama anifundishe kusema "nipo hapa." Akanitamkia mara kadhaa. Nikajaribu. Ulimi ukagonga pasipotakiwa, mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuka kuangalia kuna nini. Idi akacheka. Kicheko kilikwenda upande mmoja wa uso, lakini ni chake kabisa.

Daktari anasema Kiswahili kinaweza kurudi, ila hawezi kuniahidi lini wala kiasi gani. Nakitamani. Natamani anisimulie juu ya mafundi wenzake hadi mboga iungue. Sijui mtu anakuwaje na hamu hivi na mtu ambaye amemshika mkono.

Mashuka yamekauka. Kesho nikifika wodini nitamwomba mama neno jingine, na safari hii nataka la kumuuliza yeye kitu, kisha nitulie nimsikilize akinijibu.