Jina la Arkadi Chini ya Miguu ya Mama

Lucky Summer,
Nairobi.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Makokha,

Pokea salamu zangu kabla sijaanza kukugombeza. Hali yako? Kifua kimetulia, au bado baridi ya Urusi inakikwaruza? Na macho je, maana unayatumia vibaya. Sisi tu wazima. Goti linamsumbua Mama akipanda ngazi, lakini ulimi wake hauna maradhi.

Kisanduku ulichokichora kilifika Jumanne. Nakiri, ni kazi. Barua zako nimezisoma zote: karatasi ngumu zinazogandishwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka, zikapikwa katika mafuta ya kitani, zikakaushwa tanurini hadi ziwe kama mbao, rangi ya kiini cha yai, brashi ya manyoya ya kindi, dhahabu inayosuguliwa kwa jino la mbwa mwitu mpaka ing'ae. Miezi mitatu kwa kifuniko kisichozidi kiganja changu. Sina ugomvi na ufundi huo.

Ugomvi wangu ni huu. Mama alikishika, akamwona yule mwanamke aliyebeba kuni katikati ya theluji, na leso yake ya ndege wa buluu, na pengo lake la jino. Alicheka hadi akaketi. "Huyu ni mimi," akasema. Akataka nimwonyeshe ulipoandika jina lako.

Niliazima lenzi kwa Mativo, fundi wa saa wa hapa chini. Herufi za Kirusi nazijua. Nilijifunza ujanani kwa kitabu cha mtumba, wewe ukinicheka. Chini ya miguu ya Mama, kwa dhahabu, pameandikwa Arkadi.

Nikamsomea. Mama akauliza, "Huyo Arkadi amenijulia wapi?"

Nikairudisha lenzi kwa Mativo.

Usiniambie tena kwamba ni desturi ya karakana, kwamba mwanafunzi huandika jina la mwalimu wake, kama wewe la Arkadi, mpaka aruhusiwe kuandika lake. Miaka kumi na moja si uanafunzi. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba kila mwizi mwenye adabu huuita wizi wake desturi. Mbaya kuliko yeye ni mwenye mali anayemmulikia taa.

Tena wewe, mchora mabango wa mtaa wa Baba Dogo! Ulichora kabichi kwenye kibanda cha mboga cha Triza ukatia jina lako, kubwa kuliko kabichi yenyewe. Ulilitia hata kwenye mlango wa choo cha ploti tuliyopanga, na landilodi alipofoka ukamwambia kazi isiyo na jina ni yatima. Triza bado husimulia akicheka. Hajui kwamba umefyata mkia.

Mama amekataa kukiweka mezani. Nakirudisha kwa posta. Uliandika kwamba vanishi ya juu ikikauka husuguliwa. Basi isugue tena, upite hadi chini yake, mpaka dhahabu ya Arkadi itoke, kisha uandike Makokha. Akikufukuza, na akufukuze. Kabichi ya Triza imepauka, inahitaji mchoraji.

Triza na Mativo wanakusalimu sana. Mungu aulinde mkono wako, na mgongo wako aunyooshe.

Mama hatumi salamu. Anangoja kisanduku.

Wako akupendaye, hata leo,
Dada yako Nasike